Baridi yabisi ikishafika kwa ngozi: nundu, madoa na vidonda

Nasema ile baridi yabisi ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili inageuka kupiga viungo vyenyewe, si goti la uzee. Hiyo haikai kwa viungo tu.

Nundu ndo huonekana zaidi, ngumu ngumu hivi, kiwikoni, kwa vidole, nyuma ya kisigino. Kama haiumi na haijachanika iache yakhe, haitaki dawa, inachotaka ni isisuguliwe, na sisi hapa Lamu kazi ni kukaa barazani kiwiko juu ya jiwe toka alasiri mpaka magharibi, sa kunja kanga uitie chini ya mkono. Usiitoboe wala usipigwe chuku juu yake, manake ikifunguka viini vinaingia na kupona ni shughuli. Ikikusumbua sana daktari anaweza kuidunga sindano ya stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, au kuikata, ingawa wengine huwarudia. Alafu methotrekseti yenyewe, ile dawa ya rumatoidi, kuna watu inawazidishia nundu, mwambie daktari, usiiache kivyako.

Cha kuogopa ni madoa. Vidoa vya kahawia pembeni ya kucha, au ya zambarau miguuni ambayo ukibonyeza hayapotei, hapo huenda mishipa midogo ya damu imevimba. Mama zangu wa hina hasa, hina ikishakolea vidoleni huvioni, vitizameni kabla ya kupaka, na piko jeusi, ile rangi ya kemikali, liacheni kabisa, hilo hubabua hata ngozi isiyo na ugonjwa.

Kidonda kikitoka mguuni kioshe na maji safi, funika na shashi (gozi ya hospitali), usitie habasoda wala majivu wala unga wa kapsuli, na usikaze bandeji kabla daktari hajapima kama damu inafika vizuri. Uende hospitali usingoje. Kikiwa kinapanuka haraka, kingo za zambarau, kinauma kupita ukubwa wake, au mguu umekufa ganzi, nenda siku hiyo hiyo na useme una rumatoidi kabla mtu hajashika kisu, manake kuna aina ya kidonda ambayo ukiikata ndo inakua.

Prednisoloni nayo, vidonge vya stiroidi, hufanya ngozi nyembamba, ukijigonga kidogo tu doa jeusi, paka mafuta ukitoka kuoga na vaa viatu, hata kwa mchanga. Dawa hiyo usiikate ghafla. Na methotrekseti ni mara moja kwa wiki, si kila siku! Ukitoka vidonda mdomoni au homa, pigia kliniki kabla ya kumeza dozi nyingine.