Kunasa mrututu kwa chembe za nano: zoezi la maabara ya shule

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambaye baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Ruangwa, aliniuliza: "Mwalimu, sisi nyumbani tunachemsha maji. Zebaki si inakufa?" Haifi, mwanangu. Vinavyokufa kwa moto ni vijidudu. Risasi, arseniki na kadimiamu hazidhuriki kwa kuchemshwa, na maji yakipungua sufuriani zinabaki zilezile kwenye maji machache zaidi. Metali nzito inabidi inaswe na kutolewa. Swali lile ndilo lililozaa zoezi hili, na nawaandikia walimu wenzangu wa kemia wa Lindi na Mtwara mlifanye na watoto.

Mtego wetu ni magnetaiti, oksaidi nyeusi ya chuma, yenye chembe za nanometa 10 hivi. Ukiigawa milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanometa moja. Kwa udogo huo, gramu moja ya magnetaiti ina uso wa takriban mita za mraba 100, kupita sakafu ya darasa langu. Metali hushika kwenye uso huo, kisha sumaku inavuta vyote pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba arseniki hutoka majini kwa njia hii. Na hapa nchini, Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la mchanga na nanomateria.

Metali ya kufanyia zoezi iwe shaba iliyomo kwenye mrututu, yaani fuwele za bluu za salfeti ya shaba. Zebaki na risasi zisifike mikononi mwa watoto kabisa.

Pima gramu 5.4 za kloraidi ya chuma (III) na gramu 2.8 za salfeti ya chuma (II), zote zile zenye maji ya fuwele. Salfeti iwe ya kijani. Ikishageuka kahawia imeharibika, achana nayo. Yeyusha zote mbili kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupoa kidogo, yakiwa bado ya moto. Kisha tokeni nje. Sisi hatuna kabati la kuvuta hewa, kwa hiyo tunafanyia chini ya mkorosho nyuma ya maabara, tumesimama upande upepo unakotoka, na miwani na glavu zimevaliwa. Mimina amonia kali polepole huku mtoto mmoja akikoroga kwa kijiti cha kioo. Maji ya rangi ya chungwa yanageuka kahawia, halafu ghafla yanakuwa meusi kama wino. Kwa kawaida mililita 10 hadi 15 zinatosha. Weka bika juu ya sumaku ya spika mbovu: weusi wote unashuka chini na maji yanabaki meupe juu. Watoto wangu hapo hupiga makofi.

Sasa kuosha, na hapa naomba msiwe na haraka. Mara ya kwanza tuliosha mara mbili tu. Tulipoweka magnetaiti kwenye maji ya mrututu, badala ya kufifia yakakolea bluu kuliko mwanzo, na darasa zima likanitazama. Amonia iliyobaki ndiyo iliyoshikana na shaba ikatoa ile rangi. Tangu siku hiyo tunaosha mara sita au saba: mimina maji safi, koroga, shusha kwa sumaku, mwaga, mpaka karatasi ya litimasi nyekundu isigeuke tena kuwa ya bluu na harufu iishe. Wala usiianike. Ikikauka inagandana, na unga wake ukiruka unaingia mapafuni.

Yeyusha gramu 0.4 za mrututu kwenye lita moja ya maji. Hiyo ni kama miligramu 100 za shaba. Chukua mililita 100, changanya na magnetaiti yote, korogeni kwa zamu nusu saa, kisha shusha kwa sumaku. Tia maji ya mwanzo kwenye neli moja ya majaribio na yaliyosafishwa kwenye nyingine, kimo sawa, na matone kumi ya amonia kila moja. Ziweke juu ya karatasi nyeupe, tazama kutoka juu. Ya kwanza ni bluu iliyoiva. Ya pili imefifia sana.

Yule mtoto wa mchimbaji akarudi kwenye zebaki yake. Nilimjibu kwamba magnetaiti tupu haiishiki vizuri. Zebaki hupenda salfa, kwa hiyo wataalamu huzivika chembe hizi molekuli zenye salfa. Si kumwaga kisimani ile salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga! Nikasisitiza pia kwamba maji ya zoezi hili hayanywewi. Mwenye shaka na kisima chake apeleke sampuli maabara ya ubora wa maji, kwa sababu kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10 tu kwa lita, kiasi ambacho jicho na ulimi haviwezi kukitambua.

Magnetaiti iliyotumika sasa imebeba shaba, kwa hiyo isimwagwe kwenye sinki wala bustanini. Yetu inakaa na maji yake ndani ya chupa ya plastiki yenye mfuniko, imeandikwa "SHABA, USIMWAGE", kwenye kabati ninaloshika ufunguo wake mwenyewe.