Potulaka Mombasa: ng'oa ndago kwanza, panda baadaye

Pahali panapopigwa na jua kutwa, potulaka ndiyo ua la kutambaa ninalolichagua kwanza. Majani yake manene huhifadhi maji, na maua hufunguka asubuhi yakafumba alasiri. Kinachoishinda ni ndago, gugu lenye viazi chini ya udongo, na maji yaliyotuama.

1. Mahali
Jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Chini ya mwembe usijisumbue.

2. Kuondoa ndago
Hapa usiwe na haraka. Nguvu ya ndago imo katika viazi vyake vidogo vyeusi, vilivyoungana kwa nyuzi ngumu kama waya. Ukivuta majani, uzi hukatika na kiazi hubaki. Ukilima kwa jembe bapa, unaukata mnyororo huo na viazi vilivyotengana vinachipua. Kutandika nailoni nako ni hasara, kwa sababu ncha ya ndago huitoboa.

Tumia jembe la meno. Chimba sentimita 30, au mpaka ugonge jiwe la matumbawe. Pitisha udongo wote kwenye chekeche la mchanga la mafundi, okota viazi, uvianike juu ya saruji vikauke kabisa. Usivitie kwenye shimo la mboji.

Kisha mwagilia kitanda kikiwa kitupu, ungoje wiki mbili. Viazi vilivyosalia vitachipua. Vichimbue kimoja kimoja. Mwagilia tena, ngoja tena, urudie mpaka wiki mbili zipite bila chipukizi. Usiache chipukizi zikae zaidi ya wiki tatu, maana zitaanza kuzaa viazi vipya na kazi yote itarudi nyuma. Samadi na udongo mwekundu wa lori pia vichekeche, kwani ndago huingia bustanini kwa njia hiyo.

3. Udongo
Mchanga wa mto ndoo mbili, udongo ndoo moja, samadi iliyooza nusu ndoo. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usiutumie. Inua kitanda sentimita 15, la sivyo mvua za Mei zitaozesha mizizi. Samadi ikizidi utavuna majani matupu.

4. Kupanda
Agosti, masika yakishapita. Kata ncha za shina za sentimita 8 hadi 10, toa majani ya chini, ziweke kivulini siku moja kidonda kikauke. Zichomeke sentimita 3, kila moja umbali wa sentimita 15. Mita moja ya mraba huchukua kama 45. Mbegu siipendekezi: ni ndogo kama vumbi, na ua la petali nyingi halizai lililo sawa nalo kila mara.

5. Maji
Wiki mbili za kwanza, kidogo kila asubuhi. Baadaye chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu hadi kiungo cha pili, ndipo umwagilie.

Ikiharibika

Shina likilainika na kuwa jeusi chini, ni uozo. Acha maji, kata ncha ambazo hazijaoza, uzipande penye udongo mkavu zaidi.

Maua yasipofunguka, tazama kivuli. Siku ya mawingu usihangaike.

Shina refu lenye majani nchani tu: kata nusu, vipande uvipande.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio, ni wadudu waitwao vidung'ata. Pulizia jioni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, usuuze asubuhi, urudie baada ya siku tano. Tafuta na kichuguu cha sisimizi karibu ukiondoe: sisimizi huvilinda vidung'ata kwa ajili ya utamu ambao vidung'ata hutoa, na sisimizi wakibaki, hata sabuni haitafaa.