Viwavi wa sukuma wiki: badilisha kundi la dawa, si jina la chupa
Anayelima sukuma wiki au kabichi Wangige, Limuru au Ngong anamjua kiwavi huyu. Ni mdogo, kijani, na ukimgusa hufurukuta, akajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Hula jani kwa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu iking'aa kama kioo. Jina lake la kitaalamu ni Plutella xylostella. DDT, dawa ya wadudu ya zamani, ilishindwa naye kule Java mwaka 1953, na Hawaii akawa mdudu wa kwanza kuizoea shambani Bt, dawa itokanayo na bakteria.

Jenomu yake, yaani urithi wake wote, ilichapishwa mwaka 2013: jeni zipatazo 18,000. Uchunguzi wa jeni umeonyesha unakotoka usugu, yaani mdudu kuizoea dawa hadi isimuue. Dawa za aina ya pairethroidi hushambulia sehemu moja ya neva. Dawa nyingine, klorantraniliproli, hushika sehemu inayokaza misuli. Jeni ya sehemu inayolengwa na dawa ikibadilika kidogo tu, dawa haishiki tena vizuri. Kiwavi huyo hupona, huzaa, na wanawe hujaa shambani.

Kwa hiyo ukitoka agroveti na chupa yenye jina jipya lakini kundi lilelile, hujabadilisha chochote, maana dawa za kundi moja hulenga sehemu ileile. Tafuta namba ya kundi kwenye lebo: pairethroidi ni 3A, klorantraniliproli 28, spinosadi 5, Bt 11. Kundi moja litumike kwa takriban siku 30, kisha uhamie jingine. Tafadhali usiongeze kipimo. Utabakisha walio sugu zaidi, na utaua nyigu wadogo wa Diadegma wanaotaga mayai ndani ya viwavi hao. Nyigu hao waliletwa nyanda zetu za juu na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, na ni hasara kubwa kuwapoteza.

Kabla ya kulaumu usugu, angalia unavyopuliza. Jani la sukuma lina nta, maji huteleza. Tia kinatishi, kiowevu cha kuifanya dawa ing'ang'anie jani, na uelekeze nozeli chini ya jani. Bt ipulizwe jioni, maana jua huiharibu, na viwavi wakiwa bado wachanga.

Tatizo letu kubwa naliona kwenye mashina mazee. Sukuma huchumwa miezi na miezi, hivyo nondo, yaani kiwavi huyu akishakomaa, hakosi chakula hata wiki moja. Yang'oe, yazike au walishe ng'ombe muda wa kusubiri baada ya kupuliza ukiisha, kisha panda maharagwe au vitunguu msimu mmoja kabla ya kurudisha sukuma.