Somo: Kuunganisha data za molekuli ili kutambua aina za meduloblastoma

Meduloblastoma ni saratani ya ubongo inayowapata zaidi watoto. Huota kwenye serebelamu, upande wa kisogoni. Mwaka 2012 wataalamu waliafikiana juu ya makundi manne: WNT na SHH (majina ya njia za mawasiliano ndani ya seli), Kundi la 3 na Kundi la 4. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto na wenzao waliunganisha data za sampuli 763, wakaona aina 12 ndani ya makundi hayo. Data ziko wazi kwenye GEO, hazina ya mtandaoni ya data za jeni, namba GSE85218.

Hatua ya 1. Pakua majedwali mawili: utendaji wa jeni na methilesheni ya DNA (alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA). Wagonjwa wawe kwa mpangilio uleule, ukikagua jina kwa jina. Safu moja ikihama, programu itaendelea kimya na majibu yote yatakuwa batili.

Hatua ya 2. Ondoa vipimo vya methilesheni vya kromosomu X na Y, la sivyo utatenganisha wavulana na wasichana ukidhani umetenganisha uvimbe.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Usibandike majedwali kuwa moja: methilesheni ina mamia ya maelfu ya vipimo, jeni ni kama elfu ishirini tu, zitamezwa. Kwa SNFtool, kifurushi cha lugha ya takwimu ya R, jenga mtandao wa wagonjwa kwa kila jedwali: nani anafanana na nani. Kisha SNF (Similarity Network Fusion, mbinu ya kuunganisha mitandao ya ufanano) huikaribianisha mitandao hiyo raundi kwa raundi. Ufanano dhaifu unaoonekana upande mmoja tu hufifia. Ule wa pande zote mbili huimarika. Anza na majirani 20, yaani wagonjwa 20 wanaofanana zaidi na kila mgonjwa.

Hatua ya 4. Gawa wagonjwa katika makundi kwa spectralClustering, amri ya SNFtool, kisha linganisha na mambo ambayo hukuyatumia: umri, kusambaa kwa saratani, maisha baada ya matibabu.

Maswali

Mwalimu, idadi ya makundi naichaguaje?
Jaribu idadi kadhaa, ukirudia kila mara bila baadhi ya wagonjwa. Kundi linalosambaratika si la kuaminiwa.

Mgonjwa anafaidika nini?
Chukua SHH beta na gamma, mbili kati ya zile aina 12. Zote huwapata watoto wadogo sana, lakini beta husambaa zaidi na huua zaidi. Ukiwahesabu pamoja, wa gamma huenda akapewa dawa kali asizohitaji.

Shikamoo mwalimu. Maabara yetu ina vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwa formalini tu.
Marahaba. Methilesheni hupimika hata humo. Bila mashine ya kuipima, rangi za kingamwili zinazoonyesha protini za beta-katenini, GAB1 na YAP1 hutambua WNT na SHH. Kundi la 3 na la 4 hazitayatenganisha.