Bei ya picha yako ya kwanza ya ukutani
Picha yangu ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya ngalawa zikirudi Nungwi alfajiri, saizi ya A3. Nilimwachia mteja kwa shilingi 20,000, nikajiona mjanja. Kufika nyumbani napiga hesabu: kuchapisha 15,000, fremu 30,000. Kumbe mimi ndiye niliyemlipa.

Basi anza na gharama: chapa, fremu, bahasha ngumu, hata nauli ya kumfuata fundi wa fremu aliyekuambia "njoo kesho" mara tatu. Jumlisha, zidisha mara mbili; usishuke hapo. Mwenye duka Mji Mkongwe akikutundikia atataka fungu lake, kwa hiyo mkubaliane kabla ya msumari.

Faili nalo liangalie. A3 safi inataka pikseli 3508 kwa 4961. Iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, iache. Chapisha kipande kidogo kwanza, ukitazame mlangoni mchana. Bahari yangu ilitoka kijani kama mchicha.

Saini kwa penseli kwenye ukingo mweupe, uandike 1/20, yaani nakala ya kwanza kati ya ishirini, na ukisema ishirini ziwe ishirini kweli. Mteja akilia bei, mwuzie bila fremu. Mashemeji wataomba bure. Wangu nawachapishia saizi ya postikadi.