Storcli haioni kadi ya diski? Anzia hapa

Wakuu, hasa mnaohudumia seva za mtumba hapa Arusha na Moshi: ukishaweka storcli (programu ya kusimamia kadi za RAID za MegaRAID, yaani kadi zinazounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) kwenye Linux, ukaandika storcli64 na kujibiwa "command not found", usihangaike kuisakinisha upya. Programu ipo, ila imekaa /opt/MegaRAID/storcli/, mahali ambapo mfumo hauendi kutafuta. Iite kwa njia yake kamili, tena kwa sudo, maana bila ruhusa za root haiwezi kuigusa kadi.

Ikifunguka lakini ikadai vidhibiti (yaani kadi) ni 0, andika lspci | grep -i raid uone kadi ni ya nani. Kadi za Smart Array za HPE zinataka programu ya ssacli, Adaptec inataka arcconf, na PERC za Dell zina perccli, ambayo amri zake ni karibu zilezile.

Ikishaiona kadi, storcli64 ikifuatiwa na /c0/eall/sall show inakupa diski zote na hali zake (amri zinazofuata nazo zianze na storcli64). Onln iko kazini. Offln (imetoka kazini) na UBad (mbovu) ndizo za kutilia shaka. Kabla ya kuchomoa yoyote, washa taa yake: /c0/e252/s3 start locate (e ni kasha la diski, s ni nafasi yake; namba weka za kwako). RAID 5 (mpangilio unaovumilia kufa kwa diski moja tu) iliyokwisha kupoteza diski moja, ukichomoa nzima kwa kubahatisha, umeizima yote.

Na kwa umeme wetu huu wa kukatika-katika, kagua betri ya kadi: /c0/bbu show, au /c0/cv show kwa zenye kapasita. Ikichoka, kwa kawaida kadi huacha write-back (kuandika kwanza kwenye kumbukumbu yake) na kuhamia write-through (kusubiri hadi data ifike kwenye diski), halafu watu wa uhasibu wanaanza kupiga simu kwamba mfumo ni mzito.