Namna ya Kuandaa Kikao cha Kuonja Bia, Sida na Ulanzi katika Baa ya Iringa Mjini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa vikao vya kuonja vinywaji katika baa za Iringa mjini, kuanzia Miyomboni hadi Gangilonga, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenye baa, meneja au mhudumu wa kaunta anayetaka kuandaa kikao chake cha kwanza. Anayekunywa hutafuta kukata kiu na kunogesha mazungumzo, ilhali anayeonja hutafuta kujua kilichomo ndani ya glasi, kilivyotengenezwa na kwa nini kina ladha ile. Kwa imani yangu, katika mkoa huu kikao cha namna hiyo kisichokuwa na ulanzi ni kikao pungufu. Sida ni maji ya matofaa yaliyochachuka bila kupikwa, na ulanzi ni maji ya mwanzi yaliyochachuka bila kupikwa. Bia ni nafaka iliyooteshwa ikawa kimea, ikachemshwa pamoja na hopsi, maua machungu yenye harufu kali, kisha ikatiwa hamira. Kwa hiyo ulanzi na sida ni ndugu wa karibu kuliko sida na bia, na mgeni wako anapaswa kuondoka akiwa ameutambua undugu huo kwa ulimi wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: panga msimu, siku na saa

Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, machipukizi ya mianzi yanapokuwa bado laini. Kikao cha Februari au Machi kitapata ulanzi wa kutosha. Kikao cha Julai hakitaupata, na ni afadhali uache nafasi yake wazi kuliko kuweka kitu kilichokaa wiki nzima kwenye dumu. Chagua Jumamosi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, kabla ya muziki na kabla ya mpira. Mwanga wa mchana unahitajika ili watu waone rangi, na televisheni izimwe.

Muulize mapema afisa biashara wa manispaa kama leseni ya baa inakuruhusu kutoa pombe ya kienyeji, wala usichukulie kwamba leseni ya bia inatosha. Asiyetimiza miaka 18 asiingie. Bei ya tiketi ijumuishe maji na chakula, na upatane na madereva wawili au watatu wa bajaji wasubiri nje kuanzia saa kumi na moja.

Hatua ya pili: chagua vinywaji saba na upige hesabu

Kwa mara ya kwanza alika wageni 16, wakae wanne wanne katika meza nne. Kila mgeni apewe mililita 60 za kila kinywaji. Vinywaji saba vitakuwa mililita 420, yaani pungufu ya chupa moja ya bia ya mililita 500. Kiasi hicho kinatosha kwa mafunda matatu ya kufikiria. Chupa ya mililita 500 hutosha watu wanane na kubakiza kidogo kwa ajili ya povu, hivyo kila bia itahitaji chupa mbili tu. Chupa ya mililita 330 hutosha watu watano, kwa hiyo nunua chupa nne za sida.

Mpangilio ninaoutumia huanza na kinywaji chepesi na kuishia na kizito. Kilimanjaro yenye kilevi cha asilimia 4.5 hutangulia, ikifuatiwa na Safari yenye asilimia 5.5, ili wageni waone jinsi asilimia moja inavyobadilisha uzito mdomoni. Ya tatu ni bia ya kiwanda kidogo, ya aina ya eli (ale), inayochachushwa katika joto la juu kuliko hizo mbili za kwanza, ambayo mara nyingi huagizwa kutoka Dar es Salaam. Ya nne ni sida kavu, yaani isiyo na utamu mwingi. Savanna ya Afrika Kusini ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Ya tano na ya sita ni ulanzi wa hali mbili, mtogwa, ambao ni mpya na mtamu, na mkangafu, ambao umekaa ukawa mkali. Ya mwisho ni stauti, bia nyeusi, kwa sababu ikitangulia hakuna kitakachosikika baada yake.

Bia iliyosafirishwa kwa basi ifike siku mbili kabla, isimamishwe wima mahali penye giza ili mashapo yatulie chini. Usiiache juani hata kwa nusu saa. Mwanga ukikutana na hopsi huzalisha harufu inayofanana kabisa na ya kicheche, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii mwanga kama izuiavyo chupa ya kahawia.

Hatua ya tatu: utafute ulanzi kwa heshima yake

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo waandaaji wengi huharakisha. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hufunga mbeta, ambacho ni chombo cha mwanzi, ili kukinga maji yanayodondoka, kisha huchonga upya lile jeraha asubuhi na jioni ili maji yasikome. Hamira ya asili iliyo hewani na ndani ya mbeta huanza kazi mara moja, bila kusubiri mtu. Ndiyo maana ulanzi una umri unaohesabiwa kwa saa: wa asubuhi hiyo hiyo ni mtogwa, mtamu, mweupe kama maji ya mchele, wa jana au juzi ni mkangafu, umekwisha kula sukari yake, una ukali na uchachu, ukiendelea zaidi hugeuka kuwa siki.

Mtafute muuzaji mmoja unayemwamini, ikiwezekana anayeleta kutoka Kilolo au vijiji vya jirani, na uzungumze naye wiki moja kabla. Mimi husalimia kwanza, kisha huuliza swali moja.

"Shikamoo mama. Huu ni wa lini?"

"Marahaba mwanangu. Huu wa asubuhi, ule wa kwenye dumu wa juzi."

Baada ya hapo huomba kuonja vyote viwili palepale. Methali ya mgema anayetia maji tembo anaposifiwa husemwa juu ya tabia za watu, lakini kwa ulanzi ina maana yake halisi: uliotiwa maji huwa mwepesi katikati ya ulimi na ladha yake hukatika ghafla, ilhali ulio mzima hubaki mdomoni kwa muda na huacha uchachu mdogo pembeni mwa ulimi. Nunua lita tatu za kila hali, ingawa hesabu inaonyesha kwamba lita moja ingetosha, kwa kuwa nyingine itamwagika na nyingine wageni watairudia.

Usikaze kamwe kifuniko cha dumu. Mwaka wa kwanza nilibeba ulanzi kwenye dumu la lita tano nililolifunga kwa nguvu ili lisimwagike ndani ya bajaji, na tulipofika kwenye daraja la Ipogolo lilikuwa limevimba hata likawa haliwezi kusimama. Nilipolegeza kifuniko, zaidi ya nusu iliruka juu ya nguo za dereva na zangu. Tangu siku hiyo nafunika mdomo wa dumu kwa kitambaa safi na kukifunga kwa mpira, ili hewa itoke na nzi wasiingie. Fika baani saa mbili kabla ya wageni, chuja ulanzi kwa chujio la chai, kisha uweke mtogwa kwenye friji ili uchachukaji wake upungue kasi.

Hatua ya nne: panga joto la kila kinywaji

Katika kikao changu cha kwanza, baa iliyonipa ukumbi iliweka vinywaji vyote kwenye friza tangu usiku, ikidhani inanisaidia. Bia zilitoka zikiwa na vipande vya barafu, na watu wote waliokuja waliandika maneno yaleyale kwenye karatasi zao: baridi, nzuri. Baridi kali hufisha ulimi na kuzuia harufu isipande, na bila harufu ni vigumu kutofautisha Safari na stauti ukiwa umefumba macho.

Wahudumu wetu wamezoea kuuliza, "Ya moto au ya baridi?", na wengi wa mjini humwona anayeagiza ya moto kuwa mshamba. Nasema wazi kwamba wazee wa nyanda za juu wanaokunywa bia ya moto wana sababu ya msingi. Bia ya moto kwetu maana yake ni bia ambayo haikuingia kwenye friji, na katika stoo ya Iringa wakati wa kipupwe kipimajoto changu husoma nyuzi 15 hadi 17, joto linalokaribia sana lile linaloifaa bia nyeusi. Lenga nyuzi 5 hadi 7 kwa Kilimanjaro na Safari, 8 hadi 10 kwa sida na mtogwa, 10 hadi 12 kwa eli na mkangafu, na 12 hadi 14 kwa stauti. Usipokuwa na kipimajoto, weka vyote kwenye friji ya kawaida, kisha toa stauti saa moja kabla ya zamu yake na eli nusu saa kabla.

Hatua ya tano: osha glasi na uweke alama

Mabaki ya sabuni na mafuta huua povu. Osha glasi kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mara tatu kwa maji ya moto, na uziache zikauke zenyewe, kwa kuwa kitambaa cha jikoni hurudisha mafuta. Kisha lowesha moja uitazame kwenye mwanga: maji yakitandaa kama ngozi moja, glasi ni safi, yakigawanyika matone matone, irudishe kwenye beseni. Ili vipimo vilingane, pima mililita 60 za maji kwa kikombe kidogo cha dawa ya maji, mimina kwenye glasi, na uchore mstari kwa nje kwa rangi ya kucha.

Iringa iko takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na pwani. Gesi hutoka kwenye chupa kwa pupa zaidi, kwa hiyo inamisha glasi na umimine taratibu, povu libaki unene wa kidole kimoja.

Hatua ya sita: tandaza meza ya harufu

Wageni wengi husikia harufu lakini hukosa neno la kuiitia. Weka kwenye vibakuli vitu wanavyovijua: kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, ganda la limao, ndizi iliyoiva sana, karafuu, sukari iliyounguzwa kidogo, mkate, na kijiti kibichi chenye utomvu wa mpaina kutoka Sao Hill. Mgeni anusie vyote kabla ya kukaa. Hopsi za eli nyingi zina harufu ya utomvu ule ule wa mpaina, na mgeni anapoigundua mwenyewe uso wake hubadilika. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado hunifurahisha.

Hatua ya saba: ongoza kuonja

Kwa kila kinywaji, waombe wageni watazame, wazungushe glasi, wanuse mara mbili, wanywe funda dogo na kulizungusha mdomoni kabla ya kumeza. Kisha wakae kimya dakika moja wakiandika. Kimya hicho ukilinde kwa nguvu zako zote, kwa sababu mtu mmoja mwenye sauti kubwa akisema "chungu", meza nzima itaandika chungu. Baada ya dakika, anza kumuuliza yule mkimya kuliko wote. Kati ya kinywaji na kinywaji wape maji yasiyo ya baridi na kipande cha mkate mtupu, na kila meza iwe na bakuli la kumwagia, kwani asiyependa kumeza asilazimishwe.

Mimina sida na mtogwa kwa pamoja, ili glasi mbili zikae kando kwa kando. Tofaa lina harufu ya ganda na ukali wa moja kwa moja. Mwanzi una harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, na uchachu wake huja polepole. Fuatisha mkangafu, uwaeleze kwamba ni maji yaleyale ya mtogwa yaliyoongezewa muda tu.

Chakula kiletwe baada ya kinywaji cha sita. Kitimoto cha kukaanga kinapatana sana na sida na mkangafu, maana uchachu hukata mafuta, na jibini la Njombe lililokomaa huifaa stauti. Pilipili iwe pembeni.

Hatua ya nane: funga kikao

Kusanya karatasi kabla wageni hawajaagiza vinywaji vyao vya jioni, kwa sababu baada ya hapo hazitapatikana, nazo ndizo zitakazokuambia ubadilishe nini katika mpangilio wa kikao kijacho. Hakikisha aliyekuja na gari au pikipiki ameiacha au ana mtu wa kumwendeshea. Mtogwa uliobaki wape wahudumu waunywe jioni hiyo hiyo, na mkangafu uliobaki umwage. Dumu lisuuzwe kwa maji yanayochemka bila sabuni, ligeuzwe mdomo chini hadi asubuhi, kisha lirudishwe kwa mama muuzaji pamoja na malipo yake yote.